Biira wa Nani

Kwetu Bakonzo, mutu hawezi kuficha mutoto. Musichana wa kwanza anaitwa Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na inaendelea hivyo. Mugeni akifika ku nyumba, akisikia Masika anaitwa, halafu Kabugho anaitwa, lazima atauliza Biira iko wapi. Kama alikufa, batasema alikufa, na mugeni atasema pole. Lakini shimo haiwezi kubaki hivi hivi.

Mimi ndiye Biira wa nyumba yetu. Masika wetu ni Vasta. Kabugho ni kale kadogo kanaibaka sukari ya bageni. Ninaanza na hii juu bila hii hamutaelewa vile balinifanyia.

Vasta anafanya kazi ku duka ya nguo Kasese. Huko ndiko alikutana na Caleb, kijana wa Kyondo, baba yake ni muzee Yosamu mwenye kulima kahawa. Caleb hakuwahi kufika kwetu Bwera, juu mukwe haingii ku nyumba ya bakwe mbele ya siku ya kujitambulisha. Siku moja tulikuwa tunaosha vyombo, Vasta akanishika mukono na sabuni yake yote, akasema mimi ndiye nitamuwekea Caleb maua ku koti. Hii ni kazi ya mudogo wa bibi harusi. Unatoka ndani peke yako, unapita mbele ya bageni, unatafuta bwana kati ya banaume yote benye kuvaa sawasawa, unamubandika maua. Banawake banapiga vigelegele. Kutoka siku hiyo, ukoo ya bwana inakujua.

Mimi si mutu wa kusema. Ku darasa mwalimu akiniuliza, jibu naijibia mu tumbo. Nikamuambia Vasta nitaanguka mbele ya batu.

"Ukianguka, anguka juu ya Caleb," akasema. "Akuzoee mapema."

Tukafanya mazoezi nyuma ya nyumba. Mufagio ndiyo ilikuwa Caleb. Kabugho alikuwa bageni, anakaa juu ya ndoo na kupiga vigelegele mbaya kama kuku anakanyagwa. Nilicheka mpaka mbavu ikauma. Usiku ule nililala nikiona ile maua.

Malengelenge ilianza wakati wa likizo. Nilikuwa nauza nyanya na Mama ku soko ya Mpondwe, pale ku mupaka ya Congo, siku nzima mu jua, bila kitu ku kichwa. Ilianza ku shingo, ikaja ku uso, ikashuka ku mikono. Ilikuwa kubwa na maji safi ndani, kama mutu alinimwagia mafuta ya moto. Mu mudomo pia ilitoka. Vidole ilivimba, asubuhi nilishindwa kufunga kifungo ya shati. Batu ya soko bakaanza kuvuka, bananunua nyanya kwa mwenye kukaa ng'ambo. Benye kupima batu ku mupaka balinipima ile ugonjwa ya malengelenge yenye inatangazwa ku redio, bakasema si hiyo. Lakini nani atatangaza ku redio kama Biira hana?

Vasta ndiye alinipeleka hospitali Kasese. Mama alibaki kuuza nyanya. Dokta alikuwa mwanamuke, dokta Kiconco, wa kusema polepole. Alikata kangozi kadogo ku mukono, kakatumwa Kampala. Jibu ilipofika tuliitwa tena, mimi na Vasta tu, tukakaa pamoja ku kitanda ile ya kupimia, miguu inaning'inia.

Dokta akasema ugonjwa inaitwa lupus. Akasema mwili ya mutu iko na askari yake, na askari yangu bamesahau adui ni nani, sasa banapiga raia. Batu bengi benye lupus inabaletea madoa ku uso na kuuma ku viungo. Hii yangu ya malengelenge inapata bachache sana, yeye mwenyewe alikuwa ameisoma ku vitabu tu, hakuwa ameiona. Akasema haiambukizi. Mutu anaweza kula na mimi, kulala na mimi ku kitanda moja, kuvaa nguo yangu. Akasema jua ndiyo adui yangu, nijifunike, nitafute kivuli. Akanipa vidonge. Halafu akaangalia Vasta, si mimi, juu Vasta ndiye mukubwa.

"Hii dawa tunapatia pia watu ya ukoma," akasema. "Mutu akiijua anaweza kushtuka. Mufike nyumbani, mumueleze Mama vizuri. Mutoto hana ukoma. Dawa moja inaweza kufanya kazi mbili."

Vasta akaitika. Aliuliza hata maswali: kama nitapona, kama nitazaa, kama yeye pia anaweza kuipata. Dokta alijibu yote, kwa Kiswahili, na pengine kwa Lhukonzo ya kuvunjika yenye ilituchekesha. Tulipotoka, Vasta alininunulia kofia kubwa ya majani. Nikamuomba ile neno ya ukoma asiiambie mutu mwingine ila Mama. Akanivuta sikio.

"Wewe ni damu yangu," akasema. "Nitakutangaza kwa nani?"

Dawa ilifanya kazi. Malengelenge ya shingo ilikauka, ya mikono ikaanza kukauka. Nguo yangu ya sherehe ikashonwa, rangi ya waridi, mikono mirefu ya kufunika madoa. Halafu jioni moja nikakuta kikombe yangu imetengwa. Ilikuwa ile ya bati, peke yake ku dirisha, na sahani yangu chini yake. Kabugho alihamishwa ku kitanda ya Vasta. Nilimuuliza Mama, akasema ni juu ya kikohozi ya Kabugho. Kabugho hakuwa na kikohozi.

Nyuma ya hapo Mama akasema nitaenda Katwe kwa mudogo wake, mama mudogo Mbambu, mwenye kuchota chumvi ku ziwa. Chumvi ya Katwe itanikausha haraka mbele bageni bafike. Kwetu batu yote banaamini chumvi ya Katwe. Ng'ombe akiumwa banamupatia, mutoto akitoka upele banamuosha nayo. Nilitaka kusema dokta alikataza jua. Nilisema mu tumbo. Nikamuangalia Vasta anisemee, juu yeye alikuwa pale kwa dokta. Vasta alikuwa anapiga pasi gomesi yake, nguo ndefu ya sherehe, hakuinua kichwa.

"Chumvi haijaua mutu," akasema.

Kama hujafika Katwe, hakuna muti ya kivuli pale ku ziwa. Kila mutu iko na kishamba yake ya maji, imezungushwa na matope na miti, na chumvi inakomaa chini. Jua inakupiga kutoka juu, halafu maji nyeupe inakupiga tena kutoka chini. Mama mudogo aliniketisha pembeni ya kishamba yake, akachukua mikono yangu, akaiingiza mu maji ya chumvi mpaka ku kiwiko. Yenye ilikuwa imekauka ilipasuka. Niliuma kitenge. Yeye alinipuliza mikono kama mutoto muchanga.

"Vumilia, mwana," akasema. "Inauma juu inafanya kazi."

Si mutu mubaya. Alifanya vile alitumwa, asubuhi na jioni, hata yeye machozi ilimutoka.

Jioni ya kwanza nilifungua valizi nimeze dawa. Niliifunga mimi mwenyewe mu soksi, nikaiweka chini ya nguo. Soksi ilikuwa pale. Ilikuwa tupu. Nikakung'uta kila kitu, nikakung'uta valizi yenyewe. Nikafikiri labda nimesahau, nikaomba simu ya mama mudogo nikamupigia Mama. Akasema atatafuta. Kila siku nilipopiga, bado alikuwa anatafuta. Malengelenge mupya ikatoka, ile ya mu mudomo ikarudi, nikaanza kunywa uji baridi tu juu kitu ingine ilikuwa inakata. Siku ingine Mama akaniambia sherehe imesogezwa, muzee Yosamu anaumwa, nisiwe na haraka, nipone kwanza. Nilimuombea muzee Yosamu. Nilipiga magoti na ile vidole yangu, nikamuombea apone.

Jumamosi mama mudogo aliamka mapema sana. Akasema anaenda Bwera ku kilio ya mutu wa kanisa yao, nibakie na nyumba. Nikamuona akitoka na gomesi ya njano, mukanda inang'aa, viatu ya kisigino mu mufuko. Nikamuuliza nani alikufa. Akasema siwezi kumujua. Akapanda boda bila kunitazama.

Kwetu hakuna mutu anaenda kuzika na mukanda ya kung'aa.

Nilijifunika kitenge kichwa na uso, nikaenda kwenye malori inapakia chumvi ya soko ya Mpondwe. Dereva alikuwa anajua mama mudogo. Aliona uso yangu, akasema nipande nyuma, chini ya turubai. Nililala juu ya magunia ya chumvi mpaka Bwera. Kila shimo ya barabara niliisikia ku ngozi.

Nilijua mbele ya kufika. Muziki ilisikika kutoka barabarani. Tenti ilikuwa mbili, ya bageni na yetu, zinaangaliana. Nikasimama nyuma ya majirani benye kuchungulia ku ukingo wa migomba, hakuna mutu alinitambua mu kitenge. Muzee Yosamu alikuwa amekaa mbele kabisa, muzima, anakula ndizi ya kukaanga.

Musemaji wa bageni alikuwa anatania musemaji wetu, kwamba bamepanda kilima na kushuka kilima, sasa banataka kuona kama hii nyumba iko na batoto ao iko na kelele tu. Batu bakacheka. Halafu shangazi wa Caleb, mwanamuke muzee wa fimbo, akasema bila utani kwamba Masika bamemusikia. Sasa baonyeshwe Biira na Kabugho, bajue nyumba yenye banaingia.

Musemaji wetu akaita, "Biira!"

Mungu ananiona, miguu yangu ilitoka. Nilipiga hatua mbele, nikasahau uso, nikasahau kila kitu, juu jina yangu iliitwa mbele ya batu yote na mimi nilikuwa hapo. Na mulango ya nyumba ikafunguka, Sylivia akatoka.

Sylivia ni mutoto wa mujomba, tunalingana. Alivaa nguo yangu ya waridi. Kiuno ilikuwa imebanwa na pini juu yeye ni mwembamba. Mu mukono iko na maua. Hakutafuta hata kidogo, alienda moja kwa moja kwa Caleb kama mwenye kuelezwa kiti, akamubandika, akapiga goti. Vigelegele ikapanda. Kabugho akatoka nyuma yake, anatembea akiangalia viatu, hakupiga kelele ya kuku. Ku upande yetu nikamuona mama mudogo Mbambu, amesimama na gomesi yake ya njano, na yeye anapiga vigelegele.

Nikazunguka nyuma, nikaingia ku jiko.

Mama alikuwa peke yake juu ya sufuria ya nyama. Aliponiona alishusha mwiko polepole, kama mutu anaona nyoka na hataki kumushtua.

"Biira. Usinifanyie hivi leo."

Nikamuuliza nimefanya nini. Akavuta mulango. Akaniambia kwa sauti ya chini, haraka haraka, vile alienda kwa Célestin wa famasi kuniongezea dawa, na Célestin akamuuliza nani iko na ukoma kwenu. Bageni ya Kyondo bakisikia ukoma banageuza gari hapo hapo. Masika haolewi. Kabugho naye haolewi. Na jina ya Biira haiwezi kukosekana, baliuliza kutoka siku ya kwanza.

"Dokta alisema si ukoma," nikasema. Ilitoka kwa sauti, si mu tumbo. "Vasta alikuwa pale. Balimuambia akueleze."

Mama akaacha sufuria. Nikaona uso yake inashuka.

"Nilimuuliza Masika," akasema. "Nilimuuliza usiku nzima. Aliniambia dokta alisema Kizungu ya vitabu, yeye hakusikia kitu. Ni yeye alisema tukupeleke kwa Mbambu. Dawa ni yeye alitoa mu valizi, alisema Mbambu akiiona atatangaza Katwe yote."

Nilikaa chini juu ya kinu. Nilikuwa nimekuja na hasira ya Mama, ya Sylivia, ya kila mutu. Kwa hii sikuwa nimejitayarisha.

Vasta akaingia na mulango ya nyuma, anataka pini, iko mu kubadilisha gomesi. Ya dhahabu sasa. Alikuwa muzuri, siwezi kudanganya. Aliponiona alisimama, na mbele aseme neno, shangazi wa Caleb akafuata na fimbo yake, anaomba maji ya kunawa. Mama akamumiminia. Muzee akanawa, akajipangusa, akaniona ku kona.

"Na huyu? Mutoto, unaitwa nani?"

"Biira," nikasema. Sina jina ingine.

Akacheka vizuri, si kwa ubaya. "Biira iko kila nyumba. Biira wa nani?"

Nilimuangalia Mama. Mama aliangalia sufuria. Nikamuangalia Vasta.

"Wa jirani, shangazi," Vasta akasema. Sauti tamu, kama ya duka. "Anatusaidia kuosha vyombo."

Muzee akasema kwa ngozi hiyo musimuweke karibu na moto, na mumulipe vizuri. Akatoka. Tulisikia fimbo yake mpaka ku tenti.

Ningeweza kumufuata. Nilifikiri. Ilikuwa neno moja tu, hata kwa mutu kama mimi neno moja si kitu. Lakini nilikuwa najua kwamba nikisema, Mama ndiye ataitwa muongo mbele ya bageni, si Vasta.

"Masika," nikasema, "nipe dawa yangu."

Akaenda, akarudi nayo. Alinipatia na pindo ya gomesi, vidole yake isiguse yangu. Yeye, mwenye kukaa na mimi ku kitanda ya dokta, miguu inaning'inia.

Mama mudogo alirudi Katwe siku ya pili, akanikuta nimesharudi na lori ile ile. Alikuwa anajua nilifika Bwera, Mama alimuambia. Alikunja ile gomesi ya njano bila kuikung'uta. Akasema balimuambia mimi mwenyewe nilikubali Sylivia akae mu nafasi yangu, juu ya haya yangu, juu sipendi kusimama mbele ya batu, na asinitajie siku yenyewe nisiumie moyo. Aliamini, kila mutu anajua Biira iko na haya. Nikamuonyesha dawa, nikamueleza maneno ya dokta yote, na tangu siku hiyo hakuniingiza tena mu chumvi. Ni yeye alinipeleka kwa dokta Kiconco. Dokta aliona mikono, akamuuliza nani alifanya hivi, na mama mudogo akasema, "Mimi." Hakutaja mutu mwingine.

Sasa nasoma huku Katwe. Malengelenge imekauka, imeacha madoa nyeusi, naambiwa itafifia. Mama anakujaka siku ya soko. Analeta ndizi na nyanya, anakunywa ku kikombe yangu mbele yangu, mpaka chini, na anaongeza. Siku ingine namuonea huruma. Siku ingine hapana.

Jumapili iliyopita Vasta alikuja. Ni mara ya kwanza. Tumbo yake inaonekana kidogo. Aliniletea kahawa ya Kyondo na foto kubwa ndani ya kioo: Masika katikati, Kabugho kushoto, na Sylivia kulia mu nguo yangu. Akaiweka juu ya meza kama zawadi, labda hakufikiria. Akalia kidogo. Akasema alikuwa na uoga, mimi bado sijui mapenzi ni nini. Akasema Caleb ni mutu muzuri, nyumba yao iko na baridi na kivuli nyingi, inafaa ngozi yangu, nifike likizo hii nikae naye mpaka ajifungue.

Nilikuwa karibu kuitika. Moyo ni mujinga.

"Ila utakuja kama Sylivia," akasema. "Unaelewa? Kule Biira banamujua, balimuona. Sylivia nalo ni jina nzuri."

Mama mudogo alikuwa anachambua muchele pale ku mulango. Mukono yake ikasimama.

Nikaangalia foto, nikaangalia tumbo ya dada yangu. Sikuwa na hasira ya kupiga kelele. Nilimuuliza tu, polepole, vile ningemuuliza mutu wa mbali.

"Mungu akikupatia basichana babili, Masika, huyu wa pili mutamuita nani?"

Mama mudogo alikuwa ametupikia ile kahawa. Kahawa yangu sikunywa. Yake ilipoa mbele yake, akaiacha, akatafuta viatu.